Koti la Mteja

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la nje ya kibanda cha Sentimita, hujakosa starehe, ila umekosa habari nyingi. Mguu mmoja wa benchi hilo umeegemea tofali, na ule upande wa kivulini ni mali ya Breki, dereva mstaafu, asiyesogea hata mvua ikimpiga. Mbele yao Shangazi anauza kahawa kwenye buli la bati. Mlango wa pili ana kiti chake kinyozi wanayemwita Redio, kwa vile hazimiki. Sentimita mwenyewe ni fundi nguo, na jina alilipata kwa kupima kila kitu, hata kitanda cha wakwe zake.

Asubuhi hiyo alikuwa anakanyaga cherehani isiyo na uzi, na wala hakujua. Ndani, binti yake alikuwa anafunga begi. Mwaka jana huyo binti alipata nafasi ya kusomea uuguzi, serikali ikamlipia ada peke yake. Sasa ada hailiwi wala hailaliwi, kwa hiyo mtoto alibaki nyumbani mwaka mzima anashona vifungo, na baba mtu akaumia kimyakimya. Mwaka huu msaada umeongezwa: ada, malazi, chakula, hadi vitabu. Leo anaondoka. Sentimita alikuwa ameshukuru mpaka akaishiwa maneno, lakini roho ilikuwa bado juujuu.

— Mimi nataka kujua kitu kimoja, aliwaambia. Hizo hela zinatoka wapi? Nikijua zinakotoka, nitajua kama zitamfikisha mwisho.

Swali lilikuwa limewaangukia wenyewe, mabingwa wa kujua kila kitu. Redio alianza, maana yeye ndiye huanza. Alisema anamnyoa mtu anayefahamiana na dereva wa mkubwa fulani, na kwamba yamechimbuliwa madini mahali, wanaficha tu majirani wasione wivu. Breki akasema madini gani, hizo ni hela za nchi za mbali, na watoto wakishahitimu watapakiwa melini wakawauguze wazee wa huko. Shangazi alimkatiza. Kwa anavyojua yeye, mkubwa mmoja aliugua, akapona, akaweka nadhiri. Redio kuona anapitwa akapandisha sauti: chini ya benki kuu ipo mashine inayochapa noti usiku na mchana, na fundi wake ni mmoja tu, tena kiziwi, ili asihojiwe.

— Na ikiharibika? Sentimita aliuliza.

— Wana ya akiba.

— Nani kakwambia?

— Mashine ya maana haikosi ya akiba.

Wengine walicheka. Sentimita hakucheka, na Shangazi aliyemwona akamwongezea kahawa bila kumuuliza. Aliwaambia wamwache, huyo ni baba.

Hapo Breki akakohoa mara mbili. Kikohozi hicho hakitibiwi hospitali, maana yake mtu wa ushuru kaonekana kwenye kona. Mikono ikafanya kazi yake yenyewe kama kila siku. Buli likaingia ndooni, kitambaa juu. Redio akakimbilia ndani akajifungia na mteja wake, maskini, aliyekuwa na povu kidevuni tangu habari ya madini. Sentimita akavuta koti la mteja lililotundikwa mlangoni, akalivaa, akakaa benchini akijifanya naye anamsubiri fundi. Huwa anaulizwa fundi yuko wapi, anajibu katoka sasa hivi, na mambo yanaishia hapo.

Binti akatokea na begi lake.

— Baba, koti la nani hilo?

— La mteja. Nyamaza, mtu wa ushuru anapita.

Binti alimtazama yule kijana anayekuja taratibu, visigino vya viatu vimelika upande. Kisha akauliza, kama anayeuliza saa:

— Kwani akishakusanya, anapeleka wapi?

Redio, aliyekuwa anachungulia mlangoni, alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Breki akalitazama tofali. Sentimita aliona haya mpaka masikio yakamwaka, na ndani ya hizo haya shukrani ikamjaa upya, safari hii ikijua pa kwenda.

Kijana akafika.

— Shikamoo, mzee. Fundi yuko wapi?

Sentimita alisimama, akalivua koti, akalikung'uta, akalitundika mahali pake.

— Marahaba. Fundi ni mimi.

Kijana alirudi nyuma kidogo, akatazama huku na huku kama anayetafuta mtego.

— Leo kuna nini hapa?

— Kuna mwanafunzi. Binti yangu huyu anakwenda chuo. Niandike mimi kwanza. Na ahsante, mwanangu.

Kijana alibaki ameshika kalamu. Katika kazi ile alishatukanwa, alishakimbiwa, alishamwagiwa maji machafu kwa bahati mbaya ya makusudi. Ahsante hakujua inaandikwa safu gani.

Shangazi akalitoa buli ndooni. Kahawa ilibaki ya kikombe kimoja, akaimimina yote, akampa. Kijana akageuka kutafuta pa kukaa, benchi limejaa.

Breki akakohoa mara moja, akasogea.