Nanyori na Bwawa la Chini

Wasikilizaji wapendwa, tuketi pamoja kwa dakika chache. Jumanne iliyopita, mwaka huu wa 1976, alifariki Bibi Nanyori Sakaya, nyumbani kwake Ngarenaro. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini. Tunamkumbuka kwa kazi aliyoifanya ujanani, zama za Wajerumani. Nanyori alilisha samaki.

Mwaka ni 1912. Ukungu unateremka kutoka Mlima Meru na kulala juu ya mabwawa mawili. Chini yake samaki aina ya perege waliotolewa Mto Kikuletwa wanapita kama vivuli vya mawingu. Mtafiti mmoja Mjerumani anataka kujua jambo moja: je, perege akilishwa pumba hukua zaidi kuliko asiyelishwa? Bwawa la juu lilishwe. Bwawa la chini lisilishwe. Hilo ndilo jaribio lote.

Aliyebeba pumba ni Nanyori, binti wa Kiarusha. Kwao samaki hawaliwi, huhesabiwa kama nyoka. Wanawake wenzake walimtania njiani, "Nanyori, nyoka wako wameamka?" Alicheka, akapita. Kazi ile ilimlisha yeye na mama yake mjane.

Miezi ikapita, samaki wakapimwa. Wa juu na wa chini walikuwa na uzito uleule. Mtafiti akapima tena. Ndipo Nanyori aliposema kwamba alikuwa akiwalisha wote. Mkalimani, Eliasi, alishika kichwa.

"Binti Sakaya, umenenepesha samaki, umeua jaribio."

"Mnyama uliyemfunga, njaa yake ni yako," alijibu. "Fungueni bwawa wajitafutie, nami sitawalisha."

Wasikilizaji wapendwa, kwa sayansi alikosea. Bila bwawa lisilolishwa, hakuna cha kulinganisha. Eliasi alimweleza hivyo, taratibu, naye akaelewa. Mtafiti alimpa msimu mmoja zaidi: afuate agizo au aondoke.

Alibaki, kwa ajili ya mama yake. Kila asubuhi alilisha bwawa la juu, kisha akapita la chini akitazama mlima. Perege walimfuata ukingoni. Midomo yao ilifunguka na kufungika juu ya maji, bila sauti, kama watu wanaoongea ndotoni.

Msimu ulipokwisha, jibu lilikuwa wazi. Waliolishwa walikuwa na uzito wa karibu mara mbili ya wasiolishwa. Wengi wa bwawa la chini walikuwa wamekufa. Mtafiti alifurahi, akamtaka aendelee. Nanyori aliweka ndoo chini, akarudi kwao kulima. Mwaka ule, yeye na mama yake walikula mara moja kwa siku.

Bintiye, Ruth, anasema aliwahi kumwuliza kama jaribio lile lilisema kweli.

"Mama alinijibu, 'Kweli niliiona, mwanangu. Ilikuwa imebaki mbavu tu.'"

Ruth, wajukuu na ukoo wote wa Sakaya, poleni sana. Bibi yetu apumzike kwa amani.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mfugaji anajua kwamba pumba humkuza perege. Anajua kwa sababu perege wengine walinyimwa. Jioni hii, kabla ya kunawa mikono na kuketi mezani, tujiulize ni nani aliyelala na njaa ili sisi tujue.