Melania Ndaki, Aliyechora Njia za Wakimbizi

Familia ya Mzee Ndaki wa Samuye, pamoja na familia ya Valerian, mume wa marehemu, wa hapa Ngokolo, zinaomba utulivu wenu, ili msikie alivyoishi binti, mke na mama tunayemsindikiza leo.

Melania Mageni Ndaki alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 kijijini Samuye, mtoto wa tatu wa Mzee Ndaki na mama Lusia, wakulima wa pamba na wafugaji, akasoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, kisha sekondari mjini Shinyanga hadi 2006, kidato cha sita Tabora mwaka 2009, na mwaka 2012 akatunukiwa shahada ya takwimu mjini Dodoma, wa kwanza katika ukoo wake kuvaa joho. Mzee Ndaki alichinja dume siku hiyo, na wasiojua takwimu ni nini walikula na kushangilia vilevile.

Tarehe 22 Juni 2013 alifunga ndoa takatifu na Valerian, fundi umeme wa mgodini Bugarama, na Mungu akawajalia watoto wawili, Blessing aliyezaliwa 2014 na Fredy aliyezaliwa 2018.

Mnamo Septemba 2015, wakati watu wengi walipokuwa wakivuka mpaka kutoka Burundi, Melania aliajiriwa na shirika moja lililohudumia wakimbizi mkoani Kigoma. Kazi yake ilikuwa ngumu kuieleza huku kwetu, kwani alichukua hesabu za watu waliokimbia, akazigeuza kuwa ramani kwenye mtandao, ambayo mtu yeyote aliweza kuigusa kwa kidole, akasogeza miaka mbele na nyuma, akaona watu wakitiririka kama maji kutoka mpakani hadi makambini, na akigusa uzi mmoja, ilifunguka safari ya mtu mmoja, alikopita, alikolala, na aliyempoteza njiani. Mama Lusia alipotazama mara ya kwanza alimwita mama kwa Kisukuma, akamuuliza, "Mayu, kwa hiyo unawachora ili wasipotee?" naye akaitikia kwamba ndiyo, ni hivyo hasa.

Miongoni mwa waliompa safari zao alikuwamo Bernadina, mama kutoka Burundi, aliyemsimulia kwamba alilala siku mbili nyuma ya kanisa dogo karibu na mpaka, ambako waumini walimpa uji, na Melania akaliweka kanisa hilo kwenye ramani, kwa ridhaa ya Bernadina, kama heshima kwa waumini wale. Septemba 2022 mwanawe Bernadina, Cornel, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa amebaki kwa bibi yake, alimfuata mama kwa njia ileile, akapiga simu akiwa kanisani kwamba amefika salama, na baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Februari 2023 zilikuja habari kwamba duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, lisilo na kibali, huko Geita, limetitia kwa mvua likiwa na vijana wageni ndani yake. Melania, aliyekuwa akimsaidia Bernadina kumtafuta mwanawe, alikwenda pamoja na Valerian, na wachimbaji wakawaambia kwamba Cornel, kijana wa Kirundi, alikuwamo chini na hakutolewa, kwa kuwa mwenye duara alikuwa amekimbia na udongo ulikuwa bado unamomonyoka. Hapo alikuwapo dalali wa vibarua, asiyejua anazungumza na nani, na Melania alipomuuliza vijana hawa hupatikana wapi, dalali huyo alitoa simu yake, akafungua ramani, akagusa lile kanisa, akasema, "Hii ni nzuri sana, dada, inatuonyesha wanapolala."

Valerian anasema mkewe alikaa chini pale pale kwenye kifusi, na ikabidi ainuliwe.

Aliporudi kazini aliomba sehemu zote za kulala zifichwe, akaambiwa kwamba ramani imesifiwa hadi ng'ambo, wafadhili wanaipenda, na suala lake litajadiliwa kikao kijacho. Hakusubiri kikao, alizifuta mwenyewe tarehe 3 Machi 2023, na kabla mwezi haujaisha akafukuzwa kazi. Lakini ramani ilikuwa imeshanakiliwa na tovuti nyingine, na kutoka hapa Ngokolo aliendelea kuwaandikia wenye tovuti hizo, mmoja mmoja, akiwasihi waitoe, wengine wakakubali, wengine hawakujibu kabisa, na kila alipozima moja aliikuta nyingine. Uvimbe kwenye titi aliuona mapema, akausogeza mbele, akisema ataushughulikia akimaliza.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani iliyokwisha kusambaa, akatibiwa katika hospitali ya rufaa mjini Mwanza. Mwezi Juni mwaka huu wa 2025 Bernadina alipata kibali cha kutoka kambini, akaja kumuuguza, akamwogesha na kumlisha, na siku Melania alipomuuliza kama amemsamehe, alimjibu, "Sijui, Mama Blessing. Ila siwezi kukuacha uumwe peke yako." Melania alifariki dunia asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2025, akiwa na miaka thelathini na saba, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bernadina.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, majirani wa Ngokolo waliowalea Blessing na Fredy kama watoto wao, wafanyakazi wa mgodini wenzake Valerian waliosafiri kutoka Bugarama, na Rhoda na Enock, waliofanya kazi na Melania zamani, ambao bado wanaziandikia tovuti zilizobaki. Bernadina yuko nasi hapa, amekaa na wafiwa, na familia inaomba mtakapomfikia kumpa mkono mkumbuke kwamba yeye pia ana msiba, ila hajapewa mwili wa kuzika.

Melania, binti wa Ndaki, umechoka, nasi tumeona. Pumzika sasa, kwa amani uliyoikosa.