Miaka Miwili ya Eliamini

Mwaka 1950, katika treni iliyotoka Same kwenda Tanga, mbele yangu alikaa kijana wa Kwakoa, Eliamini. Alikuwa anakwenda Makanya kuomba ukarani katika shamba la mkonge, na barua yake ya maombi, aliyotusomea, ilieleza kila kitu isipokuwa miaka ya 1948 na 1949.

"Andika kwamba uliugua," alisema mama mmoja wa Mamba aliyekaa kando yake. Hakuna aliyekuwa amemwomba ushauri.

"Mama, sikuugua hata mafua."

"Basi ulikuwa unamuuguza baba yako."

"Baba ndiye aliyenibebea sanduku mpaka stesheni leo."

Mama alicheka hadi kanga ikamteleza begani. "Kwani ulikuwa wapi, mwanangu?"

Eliamini aliinamisha kichwa. "Nilikwenda kuliangalia Ziwa Viktoria. Nilipofika sikutaka kuondoka, nikawa napakia pamba kwenye meli."

"Miaka miwili unaangalia maji! Bwana mkubwa atajua utamkimbia. Andika uliugua."

"Nikianza kazi kwa uongo, nitaishi nao kila siku."

Treni ilipopunguza mwendo, alitoa penseli na kuandika, huku akitamka kila neno: "Nilikwenda kuona Ziwa Viktoria." Mama akaguna, "Kazi umeikosa." Eliamini akamuaga kwa heshima, akashuka Makanya akitabasamu.

Mama alimtazama dirishani mpaka akapotea. Kisha akanigeukia mimi, ambaye hakunijua hata kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani baba, kwenda huko ziwani mtu anapanda treni ipi?"