Herufi Moja Katika Damu ya Chiriku

Mchomeleaji: Haloo? Nani mwenzangu?

Mshonaji: Ni mimi.

Mchomeleaji: Mimi nani? Sema kwa nguvu, niko juu ya tangi, huku mashine zinanguruma.

Mshonaji: Mama Chiriku.

Mchomeleaji: Mama Chiriku. Hii namba siijui.

Mshonaji: Ya jirani. Yangu ukiiona huwa hupokei.

Mchomeleaji: Si hivyo. Ni kazi tu, mtu umevaa kofia ya kuchomelea, mikono ina glavu… Hamjambo lakini?

Mshonaji: Hatujambo. Wewe je?

Mchomeleaji: Namshukuru Mungu. Mtoto?

Mshonaji: Yuko hapa kwenye godoro, pembeni ya cherehani. Leo katulia, nimeshona sketi nne za shule bila kuinuka. Baba Chiriku, majibu yametoka.

Mchomeleaji: Majibu gani?

Mshonaji: Ya damu. Ile tuliyotolewa sote watatu kabla hujaondoka, ikapelekwa ng'ambo.

Mchomeleaji: Ngoja. Ngoja nishuke. (vyuma vinagongana) Haya, niko chini. Sema.

Mshonaji: Daktari aliniita jana. Kanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Anasema kila mwili una maandishi yake ndani, kama zile karatasi ninazokatia kitambaa. Kila andiko linaitwa jeni. Hii yetu inaitwa kwa herufi: G, N, A, O, halafu moja. Nimeiandika nisije nikaisahau.

Mchomeleaji: Inafanya kazi gani?

Mshonaji: Inatengeneza protini inayokaa mlangoni mwa seli. Ujumbe ukija kutoka nje, yenyewe inaupokea na kuupeleka ndani. Ubongo ukiuambia mkono tulia, lazima hiyo iwepo. Kwa Chiriku ujumbe unafika umepinda. Ndiyo maana miguu inajirusha, shingo inajisokota, na maneno hayatoki. Herufi moja tu imekosewa, katika—

Mchomeleaji: Imetoka upande gani?

Mshonaji: (kimya)

Mchomeleaji: Haloo? Mtandao huu—

Mshonaji: Nakusikia. Nilijua utaanza na hilo.

Mchomeleaji: Nauliza tu.

Mshonaji: Haikutoka upande wowote. Damu yangu haina, yako haina. Nilimwuliza mara tatu, mpaka akanichorea: mama hapana, baba hapana, mtoto ndiyo. Anasema kosa lilitokea lenyewe tu, hapo mwanzo wa mimba. Hakuna aliyelileta.

Mchomeleaji: Kwa hiyo yule mjomba wako…

Mshonaji: Mjomba wangu alikuwa na kifafa chake, na alizikwa nacho. Mama yako alisimama sebuleni kwangu akasema ukoo wetu una doa. Wewe ulikuwa umeketi unatazama viatu vyako.

Mchomeleaji: Nitamwambia mama.

Mshonaji: Mwambie, au acha. Mimi nilikuwa nimeapa nikiyapata haya majibu nitawasomea ukoo mzima kwa kipaza sauti. Jana nikatoka pale, nikakaa kwenye benchi, karatasi mkononi, hata hasira sina. Angekuwapo wa kumlaumu, ningelala usingizi.

Mchomeleaji: Dawa je?

Mshonaji: Matone yale yale, wameongeza kidogo. Kuna nchi wanapasua kichwa na kuweka waya wa kuituliza hiyo misukosuko. Hapa upasuaji huo haufanyiki. Nikamwuliza, je, ataongea? Akafunika kalamu yake, akaitia mfukoni.

Mchomeleaji: Na huyo daktari… amesema lolote kuhusu mtoto mwingine?

Mshonaji: Mtoto mwingine yupi?

Mchomeleaji: Ikitokea mtu akapata.

Mshonaji: Mtu.

Mchomeleaji: Huu mtandao unakatakata—

Mshonaji: Haukatiki. Ana miezi mingapi?

Mchomeleaji: Mimba ina sita.

Mshonaji: Sita. Na wewe umeondoka hapa miezi minane.

Mchomeleaji: Nilitaka kukwambia. Kila nikishika simu—

Mshonaji: Amesema ni nadra sana kurudi. Hawezi kuapa, maana mara nyingine kosa hujificha kwa mzazi na damu isilionyeshe. Lakini ni nadra. Mwambie huyo mwenzio ale vizuri, alale, na maneno ya mama mkwe yaingie sikio hili yatokee lile.

Mchomeleaji: Asante.

Mshonaji: Usinishukuru. Ni kwa ajili ya huyo mtoto.

Mchomeleaji: Mama Chiriku, nipe nimsalimie.

Mshonaji: Bora usimsalimie.

Mchomeleaji: Unanikomoa.

Mshonaji: Ningekukomoa ningekwambia uongo pale uliponiuliza juu ya mtoto mwingine. Daktari anasema misukosuko haiamshwi na homa na joto tu. Hata furaha. Furaha ikimzidi, mwili unamtoroka.

Mchomeleaji: Ni sauti tu. Pengine hata hanikumbuki.

Mshonaji: Anakukumbuka. Yule fundi wa madirisha mtaa wa pili akianza kuchomelea, mtoto anageuza shingo kuutazama mlango. Shingo ile ile isiyomtii.

Mchomeleaji: Neno moja. Nakuomba.

Mshonaji: Moja. Na useme polepole. Nakuweka sikioni mwake.

Mchomeleaji: Chiriku. Chiriku wangu, ni baba.

Mshonaji: Amecheka. Umemsikia?

Mchomeleaji: Nimemsikia. Jamani, nimemsikia. Chiriku, baba ata—

Mshonaji: Basi, nyamaza.

Mchomeleaji: Kuna nini?

Mshonaji: Mkono umeanza. Na mguu. Tulia mwanangu, tulia mama, nimekushika.

Mchomeleaji: Hicho kinachogonga ni nini?

Mshonaji: Kisigino chake, kwenye chuma cha cherehani. Usiongee, simu iko hapa chini, anakusikia.

Mchomeleaji: Mpe matone. Mwite jirani. Niambie nifanye nini, napanda basi sasa hivi, kesho asubuhi nitakuwa—

Mshonaji: Kila ukisema anakutafuta kwa macho. Ndipo inapozidi.

Mchomeleaji: Lakini mimi ni—

Mshonaji: Baba yake. Ndiyo maana. Kata simu.

Mchomeleaji: Nitakaa kimya. Niache nisikilize tu mpaka atulie.

Mshonaji: Siwezi kukuangalia na wewe. Nahitaji mikono yote miwili. Kata, baba.

Mchomeleaji: (kimya)

Mshonaji: Tulia mama. Tulia, itapita. Vuta pumzi. (kitu kinaanguka) Upo bado? Kama upo, usijibu.

Mchomeleaji: (kimya)