Hatua Kumi za Lihanje

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Kelestini Polikarpo, mlinzi wa nguzo ya Lihanje, aliyefariki Jumapili iliyopita. Sote tulimwita mlinzi. Mwenyewe hakulipenda jina hilo, na leo mtajua kwa nini.

Wengi wenu hamkijui kimji hiki. Ni mwendo wa asubuhi moja kutoka Ifakara, ukingoni mwa mto Kilombero. Kilianza kwa kusubiri mtumbwi tu. Watu wa upande wa Mahenge walikuja na maharage, wa Sanje na ndizi, mtumbwi ukachelewa, wakaanza kuuziana. Likazaliwa soko la Alhamisi. Mbele kuna mto, nyuma kuna bonde. Bonde likijaa masika, Lihanje ni kisiwa.

Ndiyo maana kuna nguzo yenye mikato mitatu. Maji yakifika mkato wa tatu, soko zima hukunja mikeka na kuvuka bonde kabla halijajaa. Kabla ya hapo haondoki mtu.

Novemba 1955 nguzo ililiwa na mchwa. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukame. Kelestini aling'oa kisiki, akakuta shimo lina maji. Maji yalikuwa yakipanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Akaogopa. Akaisimika nguzo mpya hatua kumi juu zaidi, mbali na mto, akanyamaza. Yeye, mzee wa kanisa, aogope shimo? Wangemcheka mpaka Mang'ula.

Aprili mto ukafurika. Dada yake, Balbina, alikuwa sokoni na samaki wake wakavu. Wenzake walipoanza kuhangaika, akawatania: "Tulieni, jamani. Nguzo ya kaka yangu bado mkato mmoja." Nyuma yao bonde lilishajaa. Mitumbwi iliokoa wote isipokuwa Balbina. Hakuonekana tena. Watu wakasema maji yalikuja ghafla. Nguzo hakuna aliyeilaumu.

Narudia, wasikilizaji: hatua kumi tu.

Tangu hapo, kila Alhamisi alfajiri, Kelestini alikwenda sokoni na ufagio. Tulidhani ni usafi. Mjane wake, Mama Digna, ameniambia alichokuwa akifagia. Ni nyayo mbichi za mwanamke, kutoka lile shimo la zamani hadi mahali Balbina alipotandika mkeka wake. Hata Septemba, kwenye vumbi tupu.

"Miaka yote hiyo nilimwona akizifuta," alisema Mama Digna. "Mambo ya nguzo kaniambia juzi tu, kitandani. Akanishika mkono: 'Waambie watu, Mama Digna. Mimi nimeshindwa.'"

Alhamisi hii Mama Digna alikwenda mwenyewe. Nyayo zilikuwepo. Hakuzifagia. "Nikamwambia, wifi, kaka yako tumemzika. Sasa unamtafuta nani?"

Nilimuuliza kama alijibiwa. Akasema safari hii nyayo hazikuishia penye mkeka. Zilipanda hadi kwenye nguzo, zikaizunguka mara nyingi sana.

Mama Digna, watoto na ukoo wote, poleni sana. Mungu ampumzishe Kelestini, na Balbina pia. Sisi tuliobaki, kila mmoja ajiulize anaficha nini ambacho mwenzake anakitegemea.

Na ninyi wa Lihanje mnaonisikia, mvua zimeshaanza milimani. Msingoje arobaini. Chukueni majembe leo hii. Nguzo bado iko palepale alipoisimika.