Penye Kidirisha Hakuna Jiko

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile ya mbao ni kwamba Emérence alipiga magoti akaisugua sakafu kwa mchanga na burosi, kutoka ukuta wa ndani hadi mlangoni, ili iwe tayari kupokea rangi. Alipomaliza alimwambia mumewe, Sebarenzi, mwalimu wa shule ya misheni: “Safari hii anzia kule ndani, umalizie mlangoni. Usijifungie tena kama mwaka ule.” Mwaka ule Sebarenzi alikuwa ameanzia mlangoni, akarudi nyuma akipaka, hadi akajikuta amebanwa ukutani, rangi mbichi imemzingira pande zote. Emérence alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamnyooshea kiazi cha kuchemsha kilichochomekwa kwenye mpini wa ufagio. Wiki ile ile aliyosugua sakafu, homa ilimchukua, na kopo la rangi lilipofika kutoka Goma lilimkuta amekwisha kuzikwa.

Sasa ulikuwa msimu wa jua, mwaka wa hamsini na tano, na Jumapili ilikuwa siku ya kwera, siku ambayo waliofiwa hunyoa nywele, hunywa pombe ya mtama na kurudi shambani. Ukoo wa marehemu ungekuja. Asubuhi, wanaume wa kijiweni walikuwa wamemsaidia Sebarenzi kutoa meza, kitanda na kabati. Vyote vilikaa nje kwenye majani. Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja juu ya mawe mawili, chini ya paa la duka la Munyakazi, aliyeitwa Birika kwa sababu birika lake la kahawa halikutoka motoni. Edmond aliitwa Juji, maana aliwahi kuitwa barazani kutoa ushahidi, na tangu siku hiyo alihukumu kila kitu. Hilaire, mwindaji wa Walikale aliyekuja Masisi juu ya kamyo la mizigo kuuza nyama ya kukausha na asirudi tena kwao, aliitwa Msitu. Sebarenzi mwenyewe walimwita Rula, kwa sababu alipima kabla ya kusema.

— Rula, minauliza tu, alisema Birika akimimina. Rangi iko, burosi iko, nyumba iko wazi. Unangojea nini?

Sebarenzi alilitazama kopo kati ya miguu yake. Hakuwa amelifungua.

— Bado ninafikiri.

— Kufikiri nini? alidakia Juji. Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Maana yake njo hii: chovya burosi mara moja tu, upake nyumba yote.

— Juji, ile mezali haiko ya burosi.

— Iko ya kila kitu chenye kuchovywa!

Msitu alitikisa kichwa.

— Miye nilibeba kabati, nimeona. Ile sakafu iko na njia. Moja inatoka ku jiko inaenda ku meza, ingine inaenda ku mulango. Pale rangi ya zamani imekwisha, na mbao imebonyea kama kijiko.

— Ni viatu vya ule muzungu wa pareto, alisema Birika. Si yeye njo alijenga? Viatu vyake vilikuwa na misumari chini.

— Muzungu alikaa kidogo tu, baridi ikamurudisha kwao. Viatu gani vinakula mbao mbiombio vile?

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Juji.

— Ile ni kujaza, Juji! Hapa kumepunguka!

— Basi niachie niseme kama baraza. Ni volkano. Nyamulagira ikitikisika, nyumba inatembea. Meza inasugua, kitanda kinasugua. Nyumba inajikuna yenyewe.

— Inajikuna! Iko na chawa?

— Muniache na miye, alisema Msitu, akaweka kikombe chini kama mtu anayetaka kuapa. Zile mbao zilitoka kwetu. Muti wa pori kubwa haufe siku unakatwa. Tembo walipita chini yake tangu babu wa babu. Leo uko sakafu, lakini bado unakumbuka. Njia za tembo njo zile zinatokea juu.

— Tembo anaenda ku jiko kufanya nini?

— Kuota moto. Masisi iko baridi.

Birika alicheka hadi kahawa ikammwagikia mkononi. Kisha akamwona Sebarenzi, akafuta mkono kwa shati.

— Ni miguu ya Emérence, alisema Sebarenzi. Hakuvaa viatu ndani ya nyumba.

Hakuna aliyeshangaa. Hapo Sebarenzi akatambua kwamba walikuwa wakijua tangu mwanzo, na kwamba mzungu, volkano na tembo vilikuwa vimeletwa kimoja baada ya kingine ili jina lile lisitajwe.

— Ndiyo maana sijafungua kopo, aliendelea. Nikipaka, njia zake zitafunikwa. Nisipopaka, watu wake watafika Jumapili wakute nyumba bado inalia.

— Kwera ni kwera, kaka, alisema Juji, safari hii bila sauti ya baraza. Muntu ananyolewa, nyumba nayo inyolewe.

— Nywele zinaota tena, Edmond.

Birika akaongeza kuni motoni, na alipoinuka alikuwa akitabasamu peke yake.

— Miye nitakumbuka bugali yake. Munakumbuka vile Rula alikuwa anatuvimbia hapa? “Nikifungua tu mlango, bugali inashuka motoni!” Akitoka hapa mapema, bugali iko moto. Akichelewa mpaka giza inaingia, bugali iko moto. Na Emérence hakutuma muntu hata siku moja kuja kumuita.

— Miye nilisema anasikia harufu ya kahawa ikikwisha, alisema Juji.

— Weye ulisema amemeza saa ya Wapadri!

— Na Msitu akasema ni dawa.

— Nilisema pengine ni dawa.

Sebarenzi alitabasamu kidogo. Lilikuwa fumbo la zamani pale kijiweni, nao walikuwa wamelizungusha jioni nyingi kama kikombe. Yeye hakuwahi kumwuliza mkewe. Alifika, akanawa mikono, akala.

Mama Béata alikuwa akiteremka kutoka nyumbani, ufagio mkononi. Alikuwa shangazi wa Emérence, amefika asubuhi ile kwa miguu kutoka Ngungu kuja kusaidia matayarisho, na kabla ya hapo hakuwahi kuingia katika nyumba ile. Wanaume waliinuka nusu, wakamsalimu. Akaitika, akamgeukia Sebarenzi.

— Mukwe wangu, unisamehe. Nimefagia yote. Njia ya jiko nimeiona, ya meza nimeiona, ya mulango vilevile. Lakini iko moja inatoka ku jiko inaishia ku kile kidirisha. Pale hakuna jiko, hakuna meza, hakuna mutungi wa maji. Na njo pale mbao imelika kupita kwote. Mutoto wetu alikuwa anasimama pale kufanya nini?

Alinyoosha ufagio kuelekea mlimani. Wote wakageuka.

Ubao wa kijiwe ulitazama barabara. Kwa miaka yote waliyokaa pale, mlima ulikuwa nyuma yao, na nyumba ikiwa nyuma yao, wala hawakuwa na sababu ya kugeuza shingo. Kidirisha kilikuwa juu yao moja kwa moja. Katikati palikuwa na majani tu, na kila aliyeinuka ubaoni angeonekana kutoka pale.

Msitu alitazama viganja vyake. Sebarenzi hakugeuka tena mbele. Alibaki amejipinda vile vile, mkono mmoja juu ya kopo. Birika akainua birika ili ammiminie, likatoa tone moja na machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema polepole.

Mama Béata akarudi nyumbani na ufagio wake.

Kesho yake asubuhi Sebarenzi alifungua kopo, akakoroga rangi nyekundu kwa kijiti, akavua viatu. Hakuanzia ndani. Alianzia mlangoni, akarudi nyuma akipaka, akafunika njia ya mlango, akafunika njia ya meza, na ile ya jiko, bila haraka, mpaka ukuta ukamgusa mgongo na nyayo zake zikaingia zenyewe katika mbonyeo chini ya kidirisha. Hapo akasimama, rangi mbichi imemzingira pande zote.

Chini, Birika alikuwa amekwisha kuwasha moto. Juji alifika, kisha Msitu, wakaketi. Kutoka kidirishani nyuso hazikuonekana, ilionekana migongo tu. Katikati ya migongo waliacha nafasi ya mtu mmoja. Sebarenzi aliweka burosi juu ya kopo, akaegemea kidirisha, akaitazama nafasi ile hadi saa ya bugali.