Mzee Loweka Aweka Ndoo Chini

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mlishaji mkuu wa farasi wetu atakabidhi ufunguo wa stoo na kwenda kupumzika. Ofisini ana jina refu kwenye faili. Huku mabandani tunamjua kwa jina moja tu: Mzee Loweka.

Alianza kwa kufagia mabanda, akawa mlishaji, kisha mkuu wa stoo ya chakula, na kila cheo alikipokea akiwa na mabuti yaleyale ya mpira. Jina alilipata kwa sababu ya nyasi kavu. Farasi wenye matumbo yanayochafuka upesi hawavumilii sukari na wanga mwingi. Vikizidi, tumbo husokota na kwato hushika moto. Kwa hiyo Mzee huloweka nyasi pipani mpaka sehemu ya sukari itoke, humwaga maji, kisha huwagawia milo midogo midogo. Mahindi na molasi kwao ni mwiko. Shemeji yetu, mkewe, hushangaa akisikia sifa hizi, maana nyumbani hajapata kumwona akiloweka hata sahani.

Mwenyewe anapenda sukari kupita kiasi. Ila chai yake huinywa nje ya geti, kwani husema si uungwana kula utamu mbele ya mgonjwa.

Mgonjwa ni Shangazi, farasi jike mzee aliyewafundisha wengi wetu kupanda. Miaka michache iliyopita kwato zake zilivimba kwa joto, akalala asiweze kuinuka. Daktari wa mifugo alisema asipopata nafuu wiki ile, itabidi achomwe sindano ya mwisho. Mzee alichanganyikiwa. Chakula alikuwa akikiandaa kwa mikono yake, sasa ugonjwa unatoka wapi?

Hakugombeza mtu. Aliweka ndoo tupu mlangoni kwa Shangazi, akaomba yeyote mwenye zawadi ya mgonjwa aitie humo badala ya kumpa mkononi. Kufika jioni ndoo ilikuwa imejaa pomoni: mikate ya mpishi wetu, ndizi za mlinzi, karoti za mwalimu wa kupanda, hata vipande vya sukari vya mhasibu, ambaye kwa kawaida hatoi kitu bila saini. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, na kwamba kidogo hakidhuru. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile kilikaribia kumuua. Tuliizunguka ndoo ile bila kutazamana. Mpishi alilia. Mzee akampa pole, akatuambia huruma si kosa, ila itafutiwe kazi nyingine. Tangu siku ile, anayemhurumia Shangazi humpiga brashi. Shangazi akasimama, akapona, na leo hakuna farasi anayeng'aa kama yeye.

Kustaafu hakumtishi Mzee. Kinachomnyima raha ni kwamba akiondoka, Shangazi atanuna, atatazama mlango na kususa nyasi, nasi tutashindwa kuvumilia na kumrudishia utamu. Wiki iliyopita alienda likizo fupi ya majaribio, na kweli, Shangazi alisusa. Mpishi akaonekana akielekea bandani na kipande cha mkate. Roho zilituruka. Alipofika mlangoni alisimama kidogo, akaula mkate mwenyewe, akachukua brashi. Kabla hajamaliza kusugua mgongo, Shangazi alikuwa ameinamia nyasi zake.

Mzee wetu, ahsante kwa subira yako, kwa mikono iliyokunjamana kwa maji, na kwa kutuaibisha bila kututukana. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usio na pipa la kukungoja, na chai tamu kadiri Shemeji atakavyoruhusu. Njoo utusalimie utakapo. Shangazi utamkuta anang'aa, na ile ndoo ya mlangoni kwake utaikuta tupu.